Nabadilisha waya nyumba nzima, vyumba viwili na sebule: soketi nipige ringi moja au laini tofauti tofauti?

KitindaMimba (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Mafundi umeme na wote mliowahi kufumua waya za nyumba njooni hapa kabla sijamwaga hela.

Nyumba yenyewe ni ya familia huku Mbagala, vyumba viwili, sebule, bafu na choo ndani, halafu jiko liliongezwa baadaye upande wa uani, ukipiga eneo lote ni kama mita za mraba 60. Waya ni za zamani na kila fundi aliyepita kaunga lake, soketi zote zinatoka laini moja, kuna sehemu waya wa 2.5 (unene kwa milimita za mraba) kuna sehemu 1.5 ya taa, jikoni ukichomeka birika na mtu chumbani ananyoosha nguo basi taa zinafifia, na soketi ya jikoni uso wake umeshakuwa wa kahawia. Soketi mbili nimezifungua, skrubu ya ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) ipo ila haina waya wowote.

Nimeita mafundi wawili waje kuangalia. Wa kwanza anataka ringi moja izunguke nyumba nzima, waya 2.5, breka ya ampea 32, anasema ndo kitaalamu. Wa pili anasema achana na ringi, piga laini tatu au nne, kila moja na breka yake ya 20 inaishia huko huko. Bei ya wa pili iko juu kidogo sababu ya DB (boksi la breka) kubwa na breka nyingi. Wote wana leseni ya EWURA, wote wanajiamini, mimi nimebaki natoa macho tu.

Vitu vya ndani: friji, tv, birika la 2000W, jiko la presha la umeme la 1000W, mikrowevu, pasi, feni. Mashine ya kufulia iko njiani na mama watoto anataka shawa ya maji moto. AC labda chumba kimoja huko mbele Mungu akijaalia. Naomba sababu jamani, ubishi wa Simba na Yanga tuuache jukwaa lake.

bisibisi_nyota
Ringi kiongozi, wala usiumize kichwa. Waya unatoka kwenye breka unapita soketi zote unarudi kwenye breka ile ile, kwaiyo kila soketi inalishwa kutoka pande mbili, mzigo unagawana njia ndo maana 2.5 inaruhusiwa kukaa kwenye breka ya 32. Kanuni za Kiingereza ambazo ndo tumezikuta na ndo tunazifuata zinakuruhusu ringi moja mpaka mita za mraba 100 za sakafu, wewe una 60, umebaki na nafasi ya kutosha. Idadi ya soketi haina kikomo. Fundi wa kwanza yuko sahihi.

chai_ya_rangi
Nimevuta stuli nakaa hapa, na mimi nina kibanda cha kufumua

MzeeKonduti
Mleta uzi, fundi namba moja hajakosea kwa maana ya uhalali, ringi ni halali kabisa. Swali ni kama inakufaa wewe na nyumba yako hiyo. Tuanze na mzigo halafu mchoro ndo ufuate, sio kinyume chake kama wengi wanavyofanya.

Chukua wati gawa kwa 230. Birika 2000 ni ampea 8.7. Presha 1000 ni 4.3. Mikrowevu inayovuta 1200 ni 5.2. Hiyo ni jikoni peke yake asubuhi vyote vikiwaka pamoja, ampea 18 na ushee. Mashine ya kufulia yenye hita ya 2000 hiyo hapo 8.7 nyingine, umefika 27, na pasi ya 1200 huko chumbani inakupeleka 32. Sasa angalia huo mzigo umekaa wapi. Karibu wote uko kona moja, jikoni na uani. Chumbani una chaja ya simu na feni, na pasi mara moja moja.

Ringi inagawa mzigo vizuri pale mzigo ukiwa umesambaa. Ukiurundika karibu na ncha moja umeme unafuata njia fupi kwa sababu ndo yenye ukinzani mdogo. Mfano ringi yako ina mita 50 za waya na jiko liko mita 10 kutoka DB, mita 40 ukizungukia upande wa pili. Asilimia 80 ya mzigo itapita ule upande mfupi. Kwenye ampea 27 hiyo ni 21.6 kwenye waya mmoja wa 2.5, na breka ya 32 imekaa kimya tu haina habari.

Halafu kuna joto, hapa mafundi wengi hawapagusi. Jedwali linasema waya single 2.5 ndani ya konduti (bomba la waya) inabeba ampea 24, lakini soma maandishi madogo, ni kwa joto la mazingira la nyuzi 30. Dar, darini chini ya bati, saa nane mchana, hiyo 30 utaitoa wapi? Kwa nyuzi 45 unazidisha na 0.79 inabaki 19. Kwa nyuzi 50 unazidisha na 0.71 inabaki 17. Na hapo bado hujalaza laini mbili ndani ya bomba moja, ukilaza mbili unazidisha tena na 0.8. Ringi ya breka 32 kanuni inataka waya ubaki na angalau 20 baada ya makato yote. Piga hesabu mwenyewe.

bisibisi_nyota
Mzee unatisha watu bwana. Nyumba ngapi Dar hii zina ringi na watu wanaishi humo wanazaa wanajukuu. Halafu hesabu yako inakugeukia, kama 2.5 darini inabaki 19 basi na laini ya fundi wa pili yenye breka ya 20 nayo haifai. 19 si ndogo kuliko 20?

MzeeKonduti
Hapo umenena na ndo nilikuwa naelekea huko. Fundi wa pili naye simpi vyote. Laini ya 2.5 inayopita darini chini ya bati ipe breka ya 16. Ampea 16 ni wati 3600 na kitu, kwa chumba au sebule ya nyumba ndogo inatosha na chenji inabaki. Jikoni piga waya 4, jedwali linaipa 32, toa makato ya nyuzi 45 inabaki 25.3, breka ya 25 inakaa pale vizuri. Watu wanaweka 4 na breka ya 32 kwa sababu kitabu cha Uingereza kinaruhusu, kule dari zao zina baridi.

Kama mabomba yako yanapita ukutani au chini ya sakafu bila kupanda darini hapo mambo yanabadilika, ukuta wa tofali hauchemki hivo, na 20 kwenye 2.5 inakubalika. Mleta uzi mabomba yako yanapita wapi?

KitindaMimba
Yote darini mkuu, yanashuka ukutani kila kwenye soketi. Bati tupu halafu jipsamu, hakuna kitu kati. Nilipanda juzi na tochi nikashuka nimelowa.

mwanaLikoni
Salaam kutoka Mombasa. Hapa kwetu kwenye joto ni vile vile na ringi ndo mtindo. Nawapa kisa cha nyumba niliyoinunua. Stima zilikuwa sawa, soketi zote zafanya kazi, hakuna shida. Nikamwita fundi anipachikie soketi moja ya nyongeza, akafungua DB akapima, kumbe ringi ilikuwa imekatika muda mrefu, ncha moja imelegea ndani ya soketi ya sebuleni skrubu imeshika kutu, hewa ya chumvi hii mwaijua. Nusu ya nyumba yalishwa na waya mmoja wa 2.5 kutoka upande mmoja, breka 32. Mimi na wanangu twalala humo hatujui lolote maana taa ya soketi yawaka, tv yawaka, kila kitu shwari.

Huo ndo ubaya wa ringi kwa maoni yangu, ikivunjika haisemi. Laini ya kuishia ikikatika soketi za mbele zinazima, wapiga simu siku hiyo hiyo.

bisibisi_nyota
Mwana wa Likoni hapo ni kweli siwezi kubisha, ila dawa yake ipo na ni rahisi. Ringi lazima ipimwe. Unazima, unatoa ncha zote mbili za laivu (waya unaoleta umeme) kwenye breka unapima na mita ncha kwa ncha, kisha nyutro (unaorudisha), kisha ethi. Waya 2.5 ina kama milioham 7.4 kila mita, kwaiyo ringi ya mita 50 lazima usome karibu 0.37. Ukisoma wazi kabisa ujue imekatika mahali. Laivu na nyutro zisome karibu sawa, zikipishana sana kuna kiungo kibovu. Fundi akimaliza ringi bila kufanya hivo usimlipe hela ya mwisho.

Ila niseme ukweli, wateja wangapi wanaita fundi kupima kila baada ya miaka kadhaa? Sijawahi kuitwa. Naitwa soketi ikishanuka.

baharia_wa_Leicester
Niongeze historia kidogo wakuu, niko huku Uingereza nafanya kazi za matengenezo ya nyumba. Hii ringi ni mtoto wa vita. Miaka ya 1940 walikuwa wanapanga kujenga upya nyumba zilizopigwa mabomu na shaba ilikuwa adimu, wakatafuta namna ya kuweka soketi nyingi kwa waya mchache. Wakaja na plagi yenye fyuzi ndani yake, kiwango chake BS 1363 kikatoka 1947, ndo hii plagi ya pini tatu za bapa mnayoitumia huko mpaka leo. Ringi na plagi ya fyuzi ni pacha, moja bila nyingine haikamiliki. Breka ya 32 inalinda waya wa ukutani, fyuzi ya plagi ndo inalinda kamba ya kifaa chako.

Sasa nikija likizo huko nyumbani naona nini? Kifaa kina plagi ya pini mbili za duara, mtu anachukua kalamu ya biki anasukuma tundu la ethi juu ili vile vizibo vifunguke, anachomeka. Fyuzi haipo hapo. Kamba nyembamba ya 0.75 inalindwa na breka ya 32 peke yake. Ikipiga shoti kamili breka itaruka, ila ikiwa ni mzigo uliozidi kidogo kamba itaungua mbele ya macho yako na breka haitikisiki.

MzeeKonduti
Baharia umeweka msumari mahali pake. Na ujue breka ya 32 kwa utengenezaji wake hailazimiki kuruka mpaka mzigo uzidi mara 1.45, ambayo ni ampea 46, na hata hapo ina saa nzima ya kufikiria. Chini ya 36 haitakiwi kuruka kabisa. Sasa weka hiyo mbele ya kamba ya ekstensheni ya Kariakoo iliyoandikwa 13A na ndani ina nyuzi za kuhesabika. Breka ya 16 haimalizi tatizo, ila inapunguza ukubwa wa moto.

mama_Zai
Jamani wanaume mnabishana ringi na breka mnasahau mtu anakaa humo ndani. Mimi nilifumua nyumba yangu Morogoro vyumba viwili kama ya huyu kaka. Cha kwanza nilichofanya kabla ya fundi kugusa chochote nilikaa na chaki nikaweka alama kila mahali ninapotumia umeme kweli. Kitanda kiko wapi, kioo kiko wapi, napigia pasi wapi, tv itakaa ukuta upi, meza ya jikoni inaishia wapi. Nyumba ya kwanza tuliyopanga ilikuwa na soketi moja kila chumba nyuma ya mlango, kwaiyo ekstensheni zinatambaa chini ya zulia kila mahali. Hiyo ndo hatari, watoto wanajikwaa, nyaya zinapata moto chini ya zulia.

Kwaiyo soketi pacha kila mahali hata kama ni kifaa kimoja, tofauti ya bei ya pacha na ya moja ni ndogo sana ukilinganisha na kuja kutoboa ukuta tena. Chumbani nimeweka pande zote mbili za kitanda. Jikoni nimeweka tatu pacha juu ya meza, mbali na sinki na mbali na jiko la gesi.

Na friji, friji iwe na laini yake peke yake. Tulisafiri msiba, kumbe kibirika kibovu kiliachwa kimechomekwa, RCD (kile kifaa cha kukata umeme ukivuja) ikaruka ikazima nyumba nzima, tumerudi nyama na samaki wote wameoza harufu mpaka getini. Fundi aliyetufungia kabla alikuwa ameunganisha kila kitu chini ya RCD moja.

KitindaMimba
Asante sana mama Zai hili la chaki nalichukua leo leo. Swali la kijinga, hii RCD ni lazima? Fundi wa kwanza hakuitaja kabisa, wa pili ameiweka kwenye hesabu na ndo moja ya vitu vilivyopandisha bei.

MzeeKonduti
Sio swali la kijinga, pengine ni kubwa kuliko la ringi. Ethi yako inatoka wapi? Kwenye rodi iliyopigwa chini nje ya nyumba. Rodi moja kwenye mchanga wa Mbagala, tuseme imesoma ohm 20 kwa bahati nzuri. Friji ikivuja laivu ikagusa bodi, umeme unaorudi ardhini ni 230 gawa kwa 20, ampea 11.5. Breka ya 16 itaona hiyo ni mzigo wa kawaida tu haitaruka. Breka ya 32 ndo kabisa. Bodi ya friji inabaki na moto na mtoto anakuja kuchukua maji.

RCD ya milliampea 30 haiangalii mzigo mkubwa, inalinganisha kinachotoka kwa laivu na kinachorudi kwa nyutro, vikitofautiana kidogo tu inakata. Kwa nyumba zenye ethi ya rodi hii ndo inayookoa, breka peke yake haiwezi. Kwaiyo ringi au laini tofauti, bila RCD zote hazifai. Fundi ambaye hajaiweka kwenye hesabu muulize kwanza rodi yako itasoma ngapi na atapima kwa kifaa gani.

Kuhusu friji: mbele weka meini swichi ya kawaida, halafu RCD ishike laini zote isipokuwa ya friji, friji uipe RCBO yake, ile breka yenye RCD ndani. Kibirika kikileta ujinga friji inaendelea. Nyutro ya friji isichanganywe na nyutro za RCD, kila moja na baa yake, zikichanganyika itaruka kila dakika na utamlaumu fundi wa watu.

kijana_wa_inveta
Hakuna aliyesema la kukatika umeme. Mimi nafunga sola na inveta, na nyumba yenye ringi moja ni mateso. Mteja anataka umeme ukikatika abaki na tv, ruta ya intaneti, friji na taa. Kwenye ringi vyote vimeshikana, huwezi kutoa soketi ya tv ukaacha ya birika. Matokeo yake unavuta waya mpya juu ya ukuta uliopakwa rangi jana au unampa inveta nyumba nzima, mtu anachomeka pasi betri inalia. Laini zikiwa tofauti nahamisha laini ya sebule na ya friji kwenda kwenye kiboksi cha inveta, kazi ya asubuhi moja. Nyutro nazo zihame pamoja na laivu zake.

Kwaiyo hata kama huna hela ya inveta leo, panga kama utakuwa nayo.

chai_ya_rangi
Uzi umekuwa chuo. Swali: kama laini inaishia huko huko, kwanini wanasema inatumia waya mwingi? Si ndo inapaswa kuwa pungufu, hairudi

bisibisi_nyota
Inategemea. Kila laini inatoka DB peke yake, kwaiyo una safari nne badala ya mbili, kwenye nyumba ndefu inauma. Kwenye kanyumba ka mita 60 tofauti ni ndogo, saa nyingine laini zinatumia waya mchache maana ringi lazima irudi. Kinachoongezeka ni breka na ukubwa wa DB.

Ila kuna kitu kimoja cha kuangalia kwa hii nyumba maana mabomba ya zamani yapo. Ukilup soketi kwa soketi kila bomba linaloshuka linabeba nyaya sita, tatu zinaingia tatu zinatoka. Bomba la 20 la zamani lenye kona mbili na tope la plasta ndani, sita za 2.5 zinabana, fundi anavuta kwa nguvu na ngozi ya waya inachubuka. Ndo hapo mafundi wanaamua kuunga juu darini na kushusha tatu tu. Sasa wakiunga kwa kusokota na tepu ya umeme darini kwenye joto lile, gundi ya tepu inayeyuka, kiungo kinabaki uchi.

MzeeKonduti
Bisibisi leo tumekubaliana. Kuunga darini kunaruhusiwa kama kiungo kiko ndani ya boksi lenye kifuniko, kwa konekta ya skrubu au ya kubana, na boksi linafikika. Sio juu ya jipsamu iliyofungwa moja kwa moja.

Kuna ujanja wa nyumba ndogo ambao unapunguza hayo yote: soketi mgongo kwa mgongo. Ukuta kati ya vyumba viwili una pande mbili, shusha bomba moja, toboa upande wa pili, umepata soketi chumba hiki na kile kwa mshuko mmoja. Ukuta wa sebule na chumba hivyo hivyo. Ukipanga na chaki ya mama Zai utaona mishuko inapungua sana. Usitoboe sawa kwa sawa kabisa, ziachane kidogo ukuta usidhoofike na sauti isipite.

Na kwa ringi, kumbuka soketi inayochepuka pembeni isilishe nyingine mbele yake. Mchepuko mmoja soketi moja, pacha inahesabika moja. Nimekuta mchepuko una soketi nne na laini ya taa za uani juu yake.

mdau_mgeni
Mbona kwenye uzi mwingine walisema ukiweka breka ndogo itakuwa inaruka ruka kila saa? 16 si ndogo sana?

MzeeKonduti
Ikiruka maana yake umezidisha, na hiyo ndo kazi yake. Vyumba viwili na pasi moja havifiki 16. Kinachofanya watu wachukie breka ndogo ni kwamba jikoni, sebule na chumba vyote viko chini ya moja. Tenganisha jikoni, malalamiko yanaisha. Kosa la hatari ni la kinyume: breka ya 20 inaruka, mtu anaenda dukani anabadilisha anaweka 32 bila kugusa waya. Ndo nahisi hata hiyo soketi ya kahawia ya mleta uzi ilipita hapo, aangalie DB yake ya sasa ina namba gani.

KitindaMimba
Nimeangalia. 40 🙈. Na waya unaotoka hapo ni 2.5.

Wakuu nimekaa na fundi wa pili tumechora upya kwa kufuata humu, amekubali bila kinyongo, la breka ya 16 kwa ajili ya joto alikuwa mgumu mpaka nilipomwonyesha hesabu. Ameniambia hajawahi kuulizwa na mteja. Tumefika hapa:

Jikoni waya 4 breka 25, soketi tatu pacha, haziendi popote kwingine.
Friji waya 2.5, RCBO 16, soketi moja tu.
Mashine ya kufulia waya 2.5 breka 16, uani ila chini ya paa.
Sebule waya 2.5 breka 16, pacha nne.
Vyumba viwili pamoja waya 2.5 breka 16, pacha tano, mbili kati ya hizo mgongo kwa mgongo.
Shawa waya 6 breka 32, bomba lake peke yake.
Taa laini mbili za 1.5, moja mbele moja nyuma, ili moja ikizima tusibaki gizani wote.
DB ya njia 12, nafasi ya AC imebaki tupu na bomba lake tunaliweka sasa hivi kabla ya plasta.

Jumla imezidi ya ringi lakini sio kwa kiasi cha kunikosesha usingizi, sehemu kubwa ni waya wa shawa ambao ningeununua tu hata kwa fundi wa kwanza.

bisibisi_nyota
Hapo sina la kusema, ningefunga mwenyewe. Shawa 5500W ni ampea 24, waya 6 darini unabaki na 32, safi. Waambie nyumbani birika na mashine ya kufulia visubiri mtu atoke kuoga, maana waya wa kutoka nguzoni ni ule ule, na jioni volti zikishuka huko kwenu kila kitu kinanyong'onyea hata ungefunga DB ya dhahabu.

Siku ya kazi kumbuka ukizima meini swichi, upande unaotoka kwenye mita ya LUKU bado una moto. Hapo usiruhusu kibarua aguse, na mita yenyewe na lakiri zake ni mali ya TANESCO.

mama_Zai
Andikeni majina kwenye DB kaka. Jikoni, friji, sebule. Kwetu fundi aliandika kwa penseli ikafutika, sasa kila breka ikiruka tunaanza bahati nasibu.

baharia_wa_Leicester
Na RCD ina kitufe kimeandikwa T, ikishafungwa bonyeza mbele ya fundi. Isipokata hapo hapo irudi dukani. Baada ya hapo bonyeza mara moja moja, zikikaa bila kuguswa huwa zinaganda.

KitindaMimba
Sawa sawa. La mwisho kabla hatujaanza kuchana ukuta: swichi ya shawa inakaa ndani ya bafu au nje? Mama watoto anataka ndani.

MzeeKonduti
Nje ya mlango, ya kukata laivu na nyutro zote mbili, ile ya ampea 45 yenye taa nyekundu. Akisisitiza ndani basi ni ya kamba, mwili wake ukae darini kamba tu ndo ishuke.

KitindaMimba
Nje basi. Kazi inaanza Jumamosi, nitapandisha picha za mabomba kabla hayajafunikwa.